Kukagua Mercedes SL ya "Pagoda": anza na bati, injini itasubiri

Ukienda kuangalia Mercedes-Benz 230 SL, 250 SL au 280 SL inayouzwa, kitu cha kwanza muuzaji atakachokuonyesha ni injini. Ataiwasha, utazisikia silinda sita zikiunguruma kwa mpangilio, utaiona kromu inang'aa, na moyo utaanza kulainika. Mwache amalize. Kisha mwombe azime, toa sumaku mfukoni, piga magoti kando ya mlango. Kazi yenyewe inaanzia hapo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa Waswahili wenzangu wanaoishi Ujerumani na nchi za jirani, ambao wameanza kuyatafuta magari haya ya paa la kukunja. Wengi wanaonipigia simu huuliza kuhusu injini na gia. Karibu hakuna anayeuliza kuhusu bati, na bati ndilo linalomaliza pesa za watu.

Vitu vya kubeba: sumaku ndogo iliyofunikwa kitambaa chepesi ili isikwaruze rangi, tochi yenye mwanga mkali, bisibisi yenye mpini wa plastiki, ovaroli, kipande cha boksi cha kulalia, na simu ya kupigia picha. Mchukue na mtu wa pili. Utamhitaji tutakapofika kwenye paa, na pia ni vizuri kuwa na mtu ambaye gari halijamlevya.

Kwanza elewa lilivyojengwa

Machi 1963, kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, Daimler-Benz ilizindua 230 SL. Ilikuja kushika nafasi ya magari mawili kwa mpigo: 190 SL, nzuri kwa sura lakini nguvu kidogo, na 300 SL, gari lililozaliwa kwenye mbio na ambalo bei yake iliwafaa wachache mno. Kiwanda kilitaka gari moja la kifahari la watu wawili, linalofika kilomita 200 kwa saa, na ambalo mwenye nalo anaweza kuliendesha siku nzima akashuka bila kushika kiuno.

Ndani ya kiwanda alikuwepo mhandisi mzaliwa wa Austria, Béla Barényi, mtu ambaye maisha yake yote aliwaza jambo moja: mtu aliyeketi ndani ya gari atapataje kupona likigonga. Jibu lake lilikuwa kwamba pua na mkia wa gari viachwe vibonyee na kumeza kishindo, na chumba cha abiria kijengwe kigumu kisikunjike. Fikra hiyo ilianza kutumika kwenye saluni za mwaka 1959, zile zenye mapezi nyuma. Sakafu ya saluni hizo ilifupishwa, ikawa ndiyo msingi wa 230 SL. Kabla ya hapo hakuna gari la michezo lililokuwa limejengwa hivyo.

Paa nalo lina hadithi yake. Umbo la gari lilichorwa na Mfaransa Paul Bracq katika idara iliyoongozwa na Friedrich Geiger, lakini wazo la paa gumu lililobonyea katikati na kuinuka pembeni lilikuwa la Barényi. Kingo zilizoinuka zinaruhusu vioo virefu, kwa hiyo dereva anaona pande zote, na kuingia na kutoka ni rahisi bila kuinama sana. Mbonyeo wa katikati unalipa bati ugumu bila kuliongezea uzito, kama unavyoweza kukunja karatasi kidogo ikasimama yenyewe. Watu walipoliona walikumbuka mapaa ya mahekalu ya Asia, wakaliita Pagoda. Kiwandani jina lake lilikuwa W113.

Wapo waliosema ni gari la kwenda nalo saluni ya nywele. Mhandisi Rudolf Uhlenhaut aliwajibu kwa vitendo. Kwenye kiwanja kidogo cha mbio huko Annemasse, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Geneva, alilizungusha 230 SL kwa sekunde 47.5. Mike Parkes, dereva wa mbio, akiwa na Ferrari 250 GT yenye silinda kumi na mbili, alipata 47.3. Mwaka huohuo Eugen Böhringer na Klaus Kaiser wakashinda nalo rali ya Spa–Sofia–Liège, maelfu ya kilomita za barabara mbovu za Ulaya ya kusini-mashariki.

Haya yote yana uhusiano wa moja kwa moja na magoti yako. Gari hili halina chasisi ya pekee iliyobeba bodi juu yake kama lori au Land Rover ya zamani. Bodi ndiyo chasisi. Na kwa kuwa paa linatoka, sehemu kubwa ya ugumu wote umewekwa chini: kwenye vizingiti vya milango, kwenye sakafu, kwenye boriti mbili za mbele. Kutu ikishika pale, imeshika uti wa mgongo wa gari.

Hatua ya kwanza: amua ni ipi kati ya tatu

230 SL, ya kuanzia 1963 hadi mwanzoni mwa 1967, ina injini ya lita 2.3 yenye nguvu za farasi 150, breki za diski mbele na dramu nyuma. Yalitengenezwa 19,831. Ndiyo nyepesi kuliko zote, na mimi binafsi naipenda kwa jinsi injini yake inavyotaka kuzungushwa.

250 SL ilidumu takriban mwaka mmoja tu, magari 5,196. Nguvu ni zilezile 150, lakini injini ni ya lita 2.5, kranki yake, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, imeshikwa na beringi saba badala ya nne, na ina diski magurudumu yote. Tangi la petroli lilipanuliwa kutoka lita 65 hadi 82.

280 SL, kuanzia mwisho wa 1967 hadi 1971, ina lita 2.8 na farasi 170. Yalitoka 23,885, mengi yakaenda Marekani. Ndiyo inayotafutwa zaidi, ndiyo ghali zaidi, na kwa mtu anayetaka gari la safari bila kubadilisha gia kila mara, inafaa.

Lakini sikiliza: 230 SL yenye bati zima ni bora kuliko 280 SL iliyooza, hata kama bei zao zinalingana. Usiende na moyo uliofungwa kwenye namba ya nyuma ya buti.

Hatua ya pili: soma namba kabla ya kusoma gari

Mwombe muuzaji akutumie picha za namba kabla hujafunga safari. Namba ya gari huanza na tarakimu sita zinazokuambia aina: 113042 ni 230 SL, 113043 ni 250 SL, 113044 ni 280 SL. Tarakimu mbili zinazofuata zinaeleza usukani na gia: 10 ni usukani wa kushoto na gia za kawaida, 12 ni kushoto na otomatiki, 20 ni usukani wa kulia na gia za kawaida, 22 ni kulia na otomatiki. Kama ndoto yako ni kuliendesha siku moja Tanzania, Kenya au Uganda, tafuta 20 au 22. Mwenye makazi Kigali, Bujumbura au Goma atashukuru 10 na 12.

Namba hiyo iko kwenye kibati ndani ya chumba cha injini, na imegongwa pia kwenye chuma chenyewe, kwenye boriti ya mbele upande wa kulia. Hii ya pili ndiyo ya kuamini. Mara nyingi imefunikwa na grisi na uchafu. Futa kwa kitambaa, mulika, isome tarakimu moja moja na ulinganishe na kitabu cha gari. Ukikuta eneo lake limesagwa, limechomelewa upya, au limepakwa rangi nzito kuliko jirani yake, simama hapohapo uulize.

Kisha omba nakala ya kadi ya data, ile karatasi ya kiwanda inayoonyesha gari lilitoka Sindelfingen likiwa na rangi gani, ngozi gani, gia gani na paa gani. Mercedes-Benz ina idara yake ya magari ya kale, na kituo chao kipo Fellbach karibu na Stuttgart. Rangi yenyewe imeandikwa pia kwa namba: 050 ni nyeupe, 180 ni kijivu cha fedha. Gari lililotoka jeupe likawa jekundu halijaharibika, ila thamani yake si ileile, na unapaswa kujua kabla ya kupatana bei.

Hatua ya tatu: bati

Hapa usiharakishwe na mtu. Mimi hutumia saa moja na zaidi.

Anza na sumaku. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba boneti, mfuniko wa buti, ngozi ya nje ya milango na mfuniko wa paa la turubai vyote ni vya alumini. Sumaku haitashika hapo, na haipaswi kushika. Ikishika, mtu amebadilisha kitu. Kwingine kote, kwenye fenda na vizingiti na sehemu za chini nyuma ya magurudumu, ni chuma, na sumaku lazima ing'ang'anie. Mahali inapoteleza au kushika kwa uvivu, chini ya rangi kuna puti, ile lahamu ya kuzibia mashimo na mibonyeo.

Mwaka mmoja nilikwenda na rafiki yangu mtu wa Mombasa kuona 280 SL nyeupe katika kijiji kimoja cha kusini mwa Ujerumani. Gari lilikuwa kwenye banda safi, limefunikwa shuka. Rangi ilikuwa kama ya jana. Nilipopitisha sumaku kwenye kizingiti cha kushoto, ilishika vizuri mbele, ikashika katikati, na shibri moja kabla ya gurudumu la nyuma ikaanguka sakafuni. Nikairudisha, ikaanguka tena. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi nikienda nyuma taratibu: ti, ti, ti, kisha du, du. Nikachomoa kizibo cha mpira kwenye tundu la jeki, nikamulika ndani. Badala ya bomba la chuma niliona povu la manjano, lile la kuzibia madirisha ya nyumba, na juu yake kitambaa cha nyuzi za kioo. Rafiki yangu alilala chini akatazama, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kaka, ningelipa hela leo." Alikuwa ameshazitoa benki.

Kwa hiyo yachunguze matundu ya jeki yote manne, mawili kila upande. Chomoa vizibo, mulika, ingiza kidole. Unachotaka kuona ni bomba la chuma lenye kingo kamili.

Toka hapo, fungua boneti. Tazama mfereji ule mrefu pande zote mbili ambako fenda inakutana na bodi ya ndani. Fenda za mbele za gari hili hazikufungwa kwa boliti, zilichomelewa. Kiwandani zilichomelewa kwa mashine iliyoacha vidoti vya mviringo, vyenye ukubwa wa ncha ya kidole kidogo, vimepangana kwa umbali unaokaribiana. Ukiviona vidoti hivyo pande zote mbili, umeshika fenda za kiwanda, na ujue uko mbele ya gari ambalo halijagongwa vibaya. Usipoviona, fenda imebadilishwa. Haimaanishi ukimbie; inamaanisha uulize nani alifanya kazi hiyo, lini, na picha ziko wapi. Fundi mzuri wa bodi hupiga picha kila siku ya kazi yake.

Zifuatazo ni sehemu nyingine ambazo kutu hupenda kujificha. Nyuma ya taa kubwa za mbele, ndani ya bakuli lake, maana tope la gurudumu hurushwa pale. Mkia wa fenda ya mbele, kati ya gurudumu na mlango. Chini ya betri, kwa ajili ya asidi. Sakafu ya miguuni, ambayo huoza kutoka juu kuja chini: maji ya mvua yanapenya kwenye mpira uliochoka, yanakaa chini ya zulia miezi mingi, na mwenye gari hajui. Nyanyua zulia. Muuzaji anayekataa zulia lake linyanyuliwe amekupa jibu. Sakafu ya buti, hasa pembeni na pale gurudumu la akiba linapolala. Na boriti za mbele kuanzia kwenye bampa hadi chini ya miguu ya dereva. Hizi ukikuta zimetobolewa na kutu, acha, hata kama bei ni ya kutupa. Ndizo alizozitegemea Barényi zibonyee kwa mpango, na boriti iliyooza haibonyei kwa mpango wowote.

Kwenye milango, tazama ukingo wa chini ambako ngozi ya alumini imekunjwa kuzunguka fremu ya chuma. Metali hizi mbili zikikaa pamoja kwenye unyevu, alumini huliwa. Utaona rangi imefura vipele na chini yake unga mweupe.

Jaribio la mwisho la bati linahitaji jeki. Paa likiwa limefunguliwa, inua gari upande mmoja kwenye tundu la jeki, kisha ufungue na kufunga mlango wa upande huohuo. Mlango unapaswa kufunga kama ulivyofunga gari likiwa chini. Ukianza kukwaruza au nafasi yake ikabana juu, bodi inapinda.

Hatua ya nne: mapaa

Magari mengi ya aina hii yalitoka na mapaa mawili, la turubai linalokunjwa kwa mkono na kulala chini ya mfuniko wake, na lile gumu la Pagoda la kuvaa majira ya baridi. Yapo machache yaliyotoka na paa gumu tu na kiti kidogo cha nyuma, bila turubai kabisa, kuanzia 1967. Kadi ya data itakuambia. Kama muuzaji anakuambia turubai "lilipotea", angalia kama liliwahi kuwepo.

Paa gumu linyanyueni watu wawili, kila mtu upande wake, na mlilaze juu ya blanketi. Mtu mmoja akijaribu atakwaruza buti. Likishatoka, tafuta ndani yake mwisho wa namba ya bodi. Tarakimu zikilingana na za gari, paa hilo na gari hilo vilizaliwa pamoja, na hilo lina thamani kubwa. Paa la gari jingine huingia lakini mara nyingi halikai sawa kwenye kona za juu za vioo, na maji yatakuambia siku ya mvua.

Turubai lifungue na ulifunge mwenyewe, usitazame akifanya mwenyeji. Likikunjwa vizuri linazama lote na mfuniko unafunga bila kusukumwa. Dirisha la nyuma la plastiki likiwa la manjano si tatizo, hubadilishwa. Fremu iliyopinda ndiyo tatizo.

Hatua ya tano: injini, ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, kitu cha kwanza baada ya salamu weka kiganja juu ya boneti. Alumini hutoa joto haraka, kwa hiyo ukiisikia ina joto, imewashwa dakika chache zilizopita, na kuna sababu.

Petroli katika injini hizi inagawiwa na pampu ya injekta ya Bosch, ya kimekanika, yenye plunja sita, moja kwa kila silinda. Ni kazi ya ufundi wa kustaajabisha: inapima mwendo wa injini, mguu wa dereva, joto la maji na hata kanieneo ya hewa, bila waya wa kompyuta. Ikiwa nzima, gari huwaka baridi ndani ya sekunde chache, linaunguruma kwa mizunguko ya juu kidogo, kisha linashuka lenyewe linapopata joto. Ikiwa imechoka au mtu asiyejua ameichezea, utaona moshi mweusi, harufu ya petroli mbichi, na injini inayotetemeka ikisimama. Magari ya mwanzo yana pampu yenye oili yake pekee na kijiti chake cha kupimia. Chomoa, na ukikuta kikavu au kinanuka petroli, ongeza kwenye hesabu yako gharama ya kuitengeneza pampu. Mafundi wanaoijua hii kazi wamebaki wachache, na hawafanyi bei rahisi.

Acha injini ipate joto kamili. Tazama geji ya oili: kipimo chake kinaishia 3. Gari likiwa linatembea, mshale unapaswa kulala pale juu kwenye 3. Likiwa limesimama na injini ni ya moto, utashuka, na hilo ni la kawaida mradi usikaribie sifuri na unaruka mara tu unapokanyaga pedali ya mafuta. Fungua kifuniko cha oili uone kama kuna utelezi wa rangi ya maziwa, dalili ya maji kuingia kwenye oili; silinda hedi ni ya alumini na maji machafu huila. Kama mwenyeji anaruhusu, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote sita. Kinachotafutwa ni namba zinazokaribiana.

Injini iliyochoka inatengenezeka. Vipuri vipo, vingi vipya kutoka kiwandani, na fundi makini ataimaliza katika wiki chache. Ndiyo maana nimeiweka ya tano.

Hatua ya sita: chini na barabarani

Mbele, magurudumu yanageuka kwenye kingpini, pini nene za chuma zinazotaka grisi mara kwa mara. Wamiliki wengi wa miaka ya karibuni wamezoea magari yasiyo na nipeli (kitundu cha kuingizia grisi) hata moja, wanasahau. Inua gurudumu la mbele, shika juu na chini, litikise. Likicheza, uliza grisi iliingia lini. Angalia pia fremu ndogo inayobeba injini na magurudumu ya mbele. Mipira yake huchakaa na chuma chake huota kutu mahali ambapo maji yanatuama.

Ukiendesha, usilipime kwa kasi. Lipime kwenye barabara ya mawe au ya viraka, kilomita 40 kwa saa, redio imezimwa. Bodi nzima inapita mashimo kwa sauti moja nzito. Bodi iliyochoka inatetemesha kioo cha mbele na usukani unasikia mtikisiko huo. Ya otomatiki hubadilisha gia kwa kishindo kidogo unachokisikia mgongoni, na kwa kawaida huondoka na gia ya pili. Hivyo ndivyo ilivyotengenezwa, usimruhusu mtu akuuzie ukarabati usiohitajika. Ya gia za kawaida, irudishe kutoka ya tatu kwenda ya pili haraka kidogo usikilize kama inasaga.

Hatua ya saba: makaratasi

Ujerumani, gari lililotimiza miaka 30 na kutunzwa katika hali yake ya asili linaweza kupewa namba yenye herufi H mwishoni. Mtaalamu analikagua na kuandika ripoti, na ukishapewa unalipa kodi ya mwaka isiyobadilika, takriban euro 191, hata injini iwe na ukubwa gani. Gari linalouzwa likiwa tayari na H si uthibitisho wa bati zima. Ripoti huenda ni ya zamani, na mkaguzi hakuchomoa vizibo vya jeki. Omba pia ripoti ya tathmini ya thamani kama ipo, inayotoa daraja kutoka 1, bora kabisa, hadi 5, na angalia tarehe yake.

Kwa anayewaza kulipeleka nyumbani: Kenya ina kanuni ya umri wa miaka minane kwa magari ya mitumba yanayoingia, na nchi nyingine zina taratibu na kodi zake kwa magari makuukuu. Pata jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka husika kabla hujalipa senti, wala usitegemee maneno ya wakala wa meli. Hamu ya magari haya kwetu ipo ya siku nyingi; Nairobi mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, Concours d'Elegance, yalianza mwaka 1970.

Ukishapatana bei, andika kwenye mkataba namba ya gari, namba ya injini, mapaa yote mawili kwa jina, na kila kasoro mliyoiona pamoja. Muuzaji mwaminifu atatia sahihi bila kusita.

Likishafika kwako, kabla ya kuliosha wala kumwita jirani, toa viti na mazulia yote uyatandaze juani. Liache hivyo siku mbili tatu, milango ikiwa wazi, sakafu ikauke kabisa. Kisha rudishia zulia la dereva tu, mwage ndoo moja ya maji juu ya kioo cha mbele paa likiwa limefungwa, na usubiri robo saa. Pitisha kiganja chini ya zulia. Mahali patakapokuwa na unyevu ndipo utakapoanzia kazi Jumamosi.